Kipanga, kitara au upanga?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natafsiri makala ya historia ya Ulaya inayohusu silaha ambayo kwa Kiingereza huitwa "smallsword". Nimeandika hivi: "Mwaka 1787 jijini London, Chevalier d'Éon, akiwa amevaa gauni, alimkata Chevalier de Saint-Georges kwa kipanga chake chenye makali." Mwenzangu mmoja ananiambia niandike kitara, mwingine anashikilia sime. Yupi yuko sahihi? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba. Hakuna aliyepatia, na kosa kubwa la sentensi yako wala halipo kwenye nomino. Lipo kwenye kitenzi. Lakini tuanze na ulichouliza.

Kisarufi hukukosea kukitoa kiambishi u- cha upanga ukaweka ki- ya udogo. Tatizo ni kwamba jina hilo lina mwenyewe: kipanga ni yule ndege anayenyakua vifaranga. Msomaji wako atadhani d'Éon, yule mwanadiplomasia Mfaransa mwenye cheo cha Chevalier, alikwenda uwanjani na ndege mkononi. Sime nayo tunaijua, ni silaha fupi, pana, yenye makali pande mbili, ining'iniayo kiunoni mwa Mmaasai. Kitara ni upanga uliopinda, wa kukatia. Wapo wanaouita mchezo mzima wa Olimpiki "mchezo wa vitara", nami sigombani nao, ila kwa silaha yako kitara kinampotosha msomaji kabisa, maana upanga wenyewe umenyooka kama msumari.

Silaha hii ilikomaa Ufaransa katika nusu ya pili ya karne ya 17. Kabla yake mabwana walibeba upanga mrefu zaidi na mzito, mara nyingi wakishika na jambia mkono wa kushoto la kukingia. Huu mpya ukawa mwepesi, nusu kilo hivi au zaidi kidogo, na bapa lake lilikuwa na urefu wa sentimita 80 au karibu na hapo. Neno bapa lenyewe nalitumia kwa shingo upande, kwa sababu nyingi za panga hizi hazikuwa bapa: ukiukata upanga wenyewe katikati na kutazama, ungeona pembe tatu, kila upande umebonyea kwa ndani ili chuma kiwe chepesi bila kulegea. Makali hakuna. Kazi yote ilifanywa na ncha.

Kwa hiyo udogo unaotajwa kwenye jina la Kiingereza ni udogo wa kulinganisha na ule uliotangulia. Ukiandika "upanga mdogo" umempa mtoto kitu cha kuchezea, na "upanga mfupi" ni uongo kwa chuma cha sentimita 80. Wafaransa waliuita épée de cour, upanga wa kasri, kwa kuwa ulikuwa sehemu ya mavazi ya bwana mwenye hadhi, mpini wake pengine wa fedha. Hilo si baya, ila linasema ulivaliwa wapi tu. Mimi ningeandika "upanga mwembamba", na wingi wake "panga nyembamba". Angalia wingi huo: ukiteleza ukaandika "mapanga", umetoka kasrini na kuingia kwenye taarifa ya polisi.

Sasa kitenzi. Upanga usio na makali haukati. Katika pambano la kweli la watu wawili, la kulipiza tusi alfajiri, mtu alichomwa, au kama wasemavyo Wakenya, alidungwa. Lakini tarehe 9 Aprili 1787 katika jumba la Carlton House, London, hakukuwa na tusi la kulipiza. Yalikuwa maonyesho mbele ya mwana wa mfalme, Prince of Wales, na wachezaji walishika panga za mazoezi, zilizozibwa ncha. Kitenzi chake ni kugusa, ndicho wanachotumia Wafaransa hadi leo. Saint-Georges, mzaliwa wa Guadeloupe, mwana wa mama mtumwa na mmoja wa wanamuziki waliovuma Paris, hakupoteza hata tone la damu siku ile. Wewe umemkata.

Makala yako bila shaka itaendelea na mbinu, kwa hiyo nikuongezee maneno, na usiende mbali kuyatafuta. Kulisukuma pembeni pigo la mwenzako ni kupangua, kitenzi kilekile tunachomsikia mtangazaji wa mpira akimpa golikipa. Kumwonyesha upande huu huku unakusudia ule ni kuzuga. Pigo linalofuata papo hapo baada ya kupangua ni kujibu mapigo. Hapo ndipo ulipo utamu wa mtindo huu, maana upanga mzito wa zamani haukurudi upesi hivyo. Domenico Angelo, Mtaliano aliyekuwa na shule yake London, alichapisha mwaka 1763 kitabu chenye picha kubwa za kila mkao, L'École des armes. Ukikipata, tazama picha kwanza ndipo uchague vitenzi.

Kuhusu gauni: Kiswahili kimekupunguzia kazi. D'Éon aliishi miaka mingi akivaa kiume na mingine mingi akivaa kike, na waandishi wa Kiingereza hadi leo wanahangaika na kiwakilishi. Wewe una "yeye" na "a-". Usijisumbue kuongeza "mwanamke huyu" wala "bwana huyu".

Basi iandike hivi: "Mwaka 1787 jijini London, Chevalier d'Éon, akiwa na umri wa miaka 58 na amevaa gauni jeusi, alipambana na Chevalier de Saint-Georges kwa panga nyembamba za mazoezi, akapangua mapigo yake na kumgusa kwa ncha."