Dogo, usinunue hilo desa la C

Hiyo elfu kumi ya bumu, hela ya mkopo wa chuo, kaa nayo mfukoni. Umesema kuna bro wa mwaka wa tatu anakuuzia desa, yani majibu tayari, la asaimenti ya kuandika programu kwa lugha ya C ya kubadili Fahrenheit kuwa Celsius, unauliza kama ni salama kukopi. Hilo desa ndo linaloniuma.

Sisi tuliuziwa hilo hilo, stesheneri moja maeneo ya Ng'ong'ona, karatasi imeprintiwa safi na muuzaji anaapa kabisa kwamba mwaka uliopita ilipata A. Ndani imeandikwa c = (f - 32) * 5 / 9, f na c zote int, yani namba nzima zisizo na nukta. Ukiweka 212 inatoa 100, kila mtu akaona imetiki, tukakusanya. Lekchara akaweka 98. Ikatoa 36, wakati jibu ni 36.67. C ikigawanya namba nzima kwa namba nzima inatupa chote kilicho nyuma ya nukta, wala haikadirii kwenda juu. Kwenye 212 hukioni hicho kitu kwa sababu 180 mara 5 ni 900, na 900 kwa 9 haibaki kitu. Wengine waliigeuza ikawa 5 / 9 * (f - 32), hapo ndo balaa kabisa, kompyuta inaanza kushoto, 5 kwa 9 inapata 0, sifuri mara chochote ni sifuri, yani hata maji yanayochemka yanasoma nyuzi 0! Dawa yake ni kutangaza f na c kuwa float, yani namba zenye nukta, na kuandika 5.0 / 9.

Halafu ikaja viva, ule mtihani wa mdomo, unaulizwa hii 5.0 ina kazi gani, kimya. Maksi za kosiwaki, kazi za muhula, zikaenda na maji, wengine wakabeba sapu, yani kurudia mtihani. Yule muuzaji nina hasira naye mpaka leo, anachukua hela ya mtoto ambaye mzazi wake kauza alizeti huko Kongwa ndo akapata nauli ya kuja chuo, anampa karatasi ambayo hata yeye hajawahi kuijaribu kwa namba ya pili.

Sasa nisikilize: usiguse kompyuta kabla hujalipiga swali kwa mkono. Chukua karatasi, chora safu nne, f, f - 32, mara 5, gawa kwa 9, halafu pitisha 212, 98 na -40, andika kila hatua inatoa nini. -40 inatakiwa irudi -40 ile ile, isiporudi ujue kuna mahali umekosea. Na ukipewa swali la faktoria, kuzidisha namba zote kuanzia 1 mpaka hiyo uliyopewa, fanya hivyo hivyo, 5 itakupa 120 vizuri tu, jaribu 13 uone, jibu ni 6,227,020,800 wakati int ya biti 32, yani nafasi ya tarakimu 32 za 0 na 1, mwisho wake ni 2,147,483,647. Usione ni mambo ya darasani tu haya, mwaka 1996 roketi ya Ariane 5 ililipuka haijamaliza hata dakika moja tangu iruke, programu ilikuwa inalazimisha namba kubwa iingie kwenye nafasi ya biti 16.

Jumatatu ya kukusanya bado ipo mbali. Chora hilo jedwali leo, lipige picha uliweke hapa hata kama limechafuka, nitalipitia mstari kwa mstari.