Kwa mnaoanza kushika akaunti ya wizara

Mkipewa nywila mtaambiwa kazi yenyewe ni kuposti tu. Msikubali. Ubalozi wa jirani unaisoma akaunti ile kama barua yenye muhuri, hata kama wewe umeandika ukiwa umesimama kwenye daladala.

Mwaka wangu wa kwanza niliweka picha za kikao cha uvuvi na wageni kutoka Malawi. Maelezo niliyakopi kwenye taarifa yao, na ndani yake mlikuwa na "Ziwa Malawi". Sisi Tanzania tunasema Ziwa Nyasa, na mpaka kwetu unapita katikati ya maji; wao wanadai maji yote mpaka ufukweni kwetu. Nilifuta baada ya dakika kumi hivi. Bosi alikuwa ameshatumiwa skrinishoti na watu watatu, mmoja wao yuko Lilongwe. Tangu siku hiyo jina la mahali silikopi popote, naenda kuuliza dawati la nchi husika, yaani maofisa wanaoshughulikia nchi hiyo. Wakichelewa kujibu, picha inasubiri.

Kufuta hakukuokoi. Septemba 2022, siku moja tu baada ya kuapishwa, Rais Ruto wa Kenya aliandika Twitter kwamba nchi yake inaacha kuitambua Jamhuri ya Sahrawi, dola iliyotangazwa Sahara Magharibi, eneo ambalo Morocco inadai ni lake. Kiongozi wa jamhuri hiyo, Brahim Ghali, alikuwa mgeni kwenye sherehe hizo hizo. Ujumbe ukafutwa, lakini Morocco ilikuwa imeshaitangaza habari. Tarehe 16 ukatoka waraka wa Wizara ya Mambo ya Nje, umesainiwa na Katibu Macharia Kamau, ukisema Kenya haiendeshi sera yake ya nje kwenye Twitter. Mimi namwonea huruma aliyeandaa waraka ule, maana alitakiwa kumsahihisha Rais bila kumtaja.

Angalieni na lugha. Agosti 2018 ubalozi wa Kanada mjini Riyadh ulituma kwa Kiarabu wito wa kuachiwa watetezi wa haki waliokamatwa. Saudia ikaona wanaongea na raia wake juu ya kichwa chake. Balozi wa Kanada akafukuzwa, na mabalozi wa nchi zote mbili wakarudishwa 2023.

Ukikosea, piga simu ubalozi husika kabla hujagusa kitufe cha kufuta. Namba zao ziandike kwenye karatasi, ubandike mezani. Simu huishiwa chaji siku hizo hizo.