Muuzaji anaandika "sel", programu inamletea "Savon vaisselle"

Swali: Ninatengeneza programu ya wavuti kwa ajili ya depo moja ya vyakula hapa Kadutu, Bukavu. Kwa kuwa intaneti hukatika mara kwa mara, orodha ya bidhaa zipatazo 3,000 nimeihifadhi ndani ya simu yenyewe, katika localStorage, hifadhi ndogo ya kivinjari. Muuzaji akianza kuandika jina la bidhaa, mapendekezo hufunguka chini ya kisanduku, lakini herufi zinakwama. Majina yenye é au è hayapatikani kama ameyaandika bila alama, na akiandika "sel" (chumvi) kitu cha kwanza kutokea ni "Savon vaisselle" (sabuni ya vyombo). Je, nihamie IndexedDB, hifadhidata kubwa zaidi ya kivinjari?

Jibu: Ndugu msomaji, usihame kwanza. Katika msimbo ulioambatanisha, kila herufi inapobonyezwa programu inaisoma localStorage upya na kuipitisha orodha nzima kwenye JSON.parse, inayoyageuza maandishi kuwa data. Hifadhi hiyo hutunza maandishi matupu, na inaposomwa ukurasa mzima husimama kuisubiri. Muuzaji anayeandika "sucre" amebonyeza mara 5, kwa hiyo simu yake imefungua rekodi 15,000 kwa ajili ya kilo moja ya sukari. Soma orodha mara moja tu ukurasa unapofunguka, uiweke kwenye safu ndani ya kumbukumbu, kisha chuja kutoka hapo; kupitia majina 3,000 yaliyokwisha kuandaliwa ni kazi ndogo hata kwa simu ya bei nafuu. Kinachobaki kuwa kizito ni kuchora matokeo kwenye skrini, kwa hiyo onyesha 8 ya kwanza, maana hakuna muuzaji atakayeteremka hadi la 40 wakati mteja amesimama mbele yake. Wengi hushauri pia kusubiri milisekunde 150 au zaidi baada ya herufi ya mwisho kabla ya kuchuja. Ushauri huo una maana pale unapoiuliza seva. Kwa data iliyo tayari mkononi, mimi ningeuacha.

Kuhusu alama za Kifaransa, tengeneza wakati huohuo wa kupakia sehemu ya pili katika kila rekodi, tuiite "ufunguo", ambayo haionyeshwi kamwe bali hutumika kutafutia:

`jina.toLowerCase().replace(/œ/g, "oe").normalize("NFD").replace(/[\u0300-\u036f]/g, "")`

Umbo la NFD huitenganisha é kuwa e pamoja na alama yake, na hatua ya mwisho huziondoa alama zote, hivyo "Lait entier sucré" hupatikana kwa "sucre". Œ haitenganishwi na NFD, ndiyo sababu nimeitaja peke yake. Bila hatua hiyo, anayetafuta "Œufs" (mayai) kwa kuandika "oeufs" hatapata kitu, na kibodi nyingi za simu huificha herufi hiyo mbali. Maneno anayoandika muuzaji nayo lazima yapitie njia hiyohiyo, la sivyo atakayeandika "sucré" kwa usahihi ndiye atakayekosa.

Sasa tuje kwenye "sel". Neno "vaisselle" linazo herufi hizo tatu katikati yake, na kwa kuwa unachuja kwa includes peke yake, inayouliza tu kama herufi zimo popote, na kufuata mpangilio wa alfabeti, "Savon" inaitangulia "Sel". Wape daraja: kwanza majina yanayoanza na kilichoandikwa, pili yale ambayo neno lake lolote linaanza nacho, mwisho yale yanayokibeba katikati, na hilo la mwisho liruhusu pale tu muuzaji anapokuwa ameandika herufi tatu au zaidi. Usijenge ruwaza (regular expression) kutokana na maandishi ya mtumiaji, kwa maana siku atakapoandika "riz (" mabano yale yataangusha utafutaji wote, wakati startsWith, inayoangalia mwanzo wa maandishi, na includes hazina shida nayo.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, lakini naliona zito kuliko hayo yote. Orodha yako ni ya Kifaransa kwa sababu risiti ni za Kifaransa, ilhali mteja anaagiza muchele, bunga na mafuta, na muuzaji analazimika kutafsiri kichwani kabla ya kuandika. Ongeza kwenye ufunguo wa "Riz" maneno "mchele muchele", na kwenye "Farine" weka "unga bunga". Mwombe muuzaji mwenyewe akutajie maneno hayo. Usiyatoe kwenye kamusi.

IndexedDB itahitajika utakapotaka kutunza picha au historia ya mauzo, kwani localStorage huishia karibu na MB 5. Hata hapo, endelea kuyapakia majina kwenye kumbukumbu, kwa sababu faharasa zake hutafuta vizuri mwanzo wa neno tu, na majibu yake hayaji papo hapo: jibu la "su" linaweza kufika baada ya lile la "suc" na kulifunika. Tena, hifadhi zote mbili zinaweza kufutwa. Kivinjari cha Safari huziondoa baada ya siku 7 za matumizi yake bila mtu kuigusa tovuti husika, isipokuwa programu ikiwa imewekwa kwenye skrini ya mwanzo. Muuzaji mwenye iPhone akirudi kutoka likizo anaweza kukuta orodha tupu, kwa hiyo programu iitambue hali hiyo na kuiomba seva orodha mpya mara mtandao unaporudi, badala ya kumwonyesha kisanduku kisichojibu.