CT ya kichwa "haina tatizo" lakini sikio moja halisikii: je, sikio ni zima?

Hapana. CT ya kawaida ya kichwa (picha za eksirei za tabaka kwa tabaka) hukatwa vipande vya milimita 5 hivi, na koklea nzima (kiungo cha kusikia cha sikio la ndani, chenye umbo la konokono) ina urefu wa takriban milimita 5 tu kutoka kitako hadi ncha. Tatizo dogo linapita katikati ya vipande.

Kama sikio ni moja, lina mlio na usikivu unashuka polepole, omba MRI (picha za sumaku) ya sikio la ndani, si ya ubongo kwa jumla. Kwenye fomu daktari aandike upande wenye shida, na ataje uvimbe wa neva ya kusikia. Hapo fundi wa picha atachukua picha za T2 nyembamba, chini ya milimita 1, na mara nyingi picha za T1 (T1 na T2 ni aina mbili za picha za MRI) baada ya kuchoma sindano ya gadolini, dawa ya kung'arisha picha. Fomu ikisema "kizunguzungu" tu, utapigwa ubongo na kurudi palepale.

CT ina kazi yake, ila iwe ya mfupa wa sikio, vipande vya karibu milimita 0.6: otosklerosisi (mfupa unaokua vibaya ndani ya sikio), ufa baada ya ajali, au tundu kwenye mfereji wa juu wa usawa wa sikio la ndani (unasikia macho yako yakigeuka!).

Kabla ya MRI, taja mapema betri ya moyo, kipandikizi cha koklea, chuma mwilini na ugonjwa wa figo.

Kizunguzungu cha sekunde chache ukigeuka kitandani, kusikia kukiwa sawa? Kwanza jaribio la Dix-Hallpike: daktari anakulaza haraka, kichwa kikiwa kimegeuzwa upande, na kutazama macho yako. Picha haitaonyesha vijiwe vidogo vya sikio la ndani vinavyoleta kizunguzungu hicho.

Kusikia kukikatika ghafla, usisubiri foleni ya MRI. Muone daktari wa masikio leo.