Nusu ya nini? Michezo ya kuzidisha na kugawanya sehemu

Swali: Hujambo mwalimu. Nafundisha hesabu hapa Kayole. Kila Ijumaa huwashindanisha wanafunzi wangu kuzidisha na kugawanya sehemu: naandika swali ubaoni, anayemaliza kwanza anapata alama. Mchezo wanaupenda, lakini kwenye mtihani, wakigawanya, wanageuza sehemu isiyofaa (kugeuza ni kama 3/4 kuwa 4/3), na hata jibu likiwa la ajabu hakuna anayeshtuka. Nibadilishe nini?

Jibu: Sijambo, mwalimu mwenzangu. Badilisha kile unachokipa alama. Mbio humtuza aliyekariri "geuza kisha uzidishe", na aliyekariri tu hana namna ya kujua kama alipaswa kugeuza ya kwanza au ya pili. Mtuze anayekisia vizuri kabla ya kukokotoa.

Kata kadi 20 kutoka kwa katoni yoyote na uandike sehemu moja kwa kila kadi. Watoto wanne wanatosha, na kifuniko kimoja cha soda. Mtoto anavuta kadi mbili, anarusha kifuniko: kikilala kifudifudi anazidisha, kikilala chali anagawanya ya kwanza kwa ya pili. Kabla hajagusa kalamu aseme kama jibu linazidi kadi ya kwanza, linapungua, au ni sawa. Kukisia vizuri ni alama mbili, hesabu sahihi ni alama moja. Wepesi wa kukokotoa watalalamika, usilegeze. Ila hakikisha rundo lina sehemu zinazozidi moja, kama 5/3 na 7/4, la sivyo watajifunza kwamba kuzidisha hupunguza siku zote. Tia na 4/4 moja uwasikilize wakibishana.

Lakini kadi zije baada ya maji. Kugawanya kwa sehemu ni kuuliza "inaingia mara ngapi?", na mtoto anapaswa kuliona hilo kwa macho yake. Chukua chupa tupu, umimine mililita 250 mara tatu, kila mara ukichora mstari pembeni, kisha uikate kwenye mstari wa juu. Hicho ni kikombe cha 3/4 ya lita. (Usiigawe kwa rula, chupa nyingi zina viuno.) Wape lita mbili za maji kwenye ndoo na uwaulize: 2 ÷ 3/4 ni ngapi?

Muhula uliopita nilimtazama msichana mmoja akifanya hivyo. Kikombe cha kwanza, cha pili, ndoo ikabaki na nusu lita. Akaandika 2 1/2, akaniangalia. Sikumwambia amekosea. Nilimuuliza, "Nusu ya nini?" Akanyamaza, kisha akamimina yale maji yaliyobaki kwenye kikombe. Yalifika mstari wa pili kati ya mitatu. Akafuta jibu bila kuambiwa, akaandika 2 2/3, kwa sababu tunahesabu vikombe, si lita. Kosa hili hulifanya karibu kila darasa, na mbio za ubaoni haziwezi kulifichua.

Hapo ndipo kugeuza kunapata maana. Lita moja hujaza kikombe hicho mara 4/3. Lita mbili hujaza mara mbili ya hapo, yaani 8/3. Kinachogeuzwa ni kikombe, ile sehemu tunayopimia. Mtoto aliyeshika kikombe mkononi hawezi kugeuza ndoo.

Kuzidisha hakuhitaji maji. Kwenye daftari la miraba, wachore shamba la miraba 3 kwa 4, wapake rangi safu mbili kati ya tatu, kisha wachore mistari ya mshazari kwenye nguzo (safu za wima) tatu kati ya nne. Miraba yenye rangi na mistari ni 6 kati ya 12: ndiyo 2/3 × 3/4. Miraba hiyo yenye rangi na mistari ndiyo ploti ya mchezaji, na mwenye ploti kubwa anashinda raundi.

Mbio zako za Ijumaa usizitupe. Zipumzishe wiki mbili, na ukizirudisha, kila anayekimbilia ubaoni aanze kwa kuandika "linazidi", "linapungua" au "sawa" kabla ya tarakimu yoyote.