Kanikopa akiwa mchumba, sasa anaoa mwengine

Bi Somo, shikamoo. Mimi nina miaka 29, nakaa Wete, nashona nguo. Nilikuwa na mchumba, kwao Konde, ana duka la nguo Darajani, Unguja. Posa ilishaletwa na kukubaliwa. Katika miaka miwili alichukua kwangu shilingi 1,450,000. Laki tisa zilikuwa za mzigo wa Dar. Mimi nilizikopa kwenye kikundi chetu cha hisa, nikamtumia kwa simu siku ile ile. Laki tatu ni alipompeleka mama yake hospitali ya Mnazi Mmoja. Alisema atarejesha, nikamwambia asitie shaka, mama yake ni mama yangu. Zilobaki ni za kanzu ya Idi, vocha na mengineyo. Uchumba umevunjika na mwezi ujao anaoa. Simu zangu hapokei, na kikundi kinanidai mimi. Vespa yake iko kwa kaka yangu, niizuie? Au niende harusini nikaseme mbele ya watu? Naona haya, wasije wakasema nilimhonga mwanamme.
Wa Wete

Marahaba, mwanangu.

Nianze na harusi, maana naona roho yako iko huko. Usende. Utasema, watu watanyamaza wakusikilize, na kesho yake Wete nzima itahadithia wivu wako. Laki tisa hakuna atakayezitaja. Yeye utakuwa umempa maneno aliyokuwa akiyatafuta: "Mnaona? Huyu hanidai, ananililia."

Sasa hiyo haya. Ndiyo anayoitegemea. Anajua hutosema, kwa hiyo anakaa Darajani akipanga mashati. Mimi niliwahi kumkopesha mtu pesa nilizoweka kwa ajili ya madirisha ya nyumba yangu, nikaona haya kumdai miaka minne. Mpaka leo madirisha yangu ni ya mbao, yake ni ya alumini, na tukikutana tunaulizana hali za watoto.

Chukua kalamu uzigawe hizo pesa, na usijionee huruma. Kanzu na vocha ni zawadi, hukumkopesha, zisamehe. Laki tatu za mama yake zinauma, najua, lakini ulimwambia kwa ulimi wako asitie shaka. Ukizitia kwenye madai, atazishika hizo hizo kukuonesha mbele za watu kuwa unadai hata ulichotoa kwa hiari, na zile za kweli zitaingia doa. Zinabaki laki tisa. Hizo ni deni, na zina ushahidi mzuri kuliko unavyodhani: daftari la kikundi linaonesha siku uliyokopa, na simu inaonesha siku hiyo hiyo pesa zimekwenda kwenye namba yake. Ikiwa meseji umeshaifuta, nenda kwenye ofisi ya mtandao wako uombe taarifa ya miamala. Mwombe na katibu wa kikundi akumbuke ulisema unakopa kwa ajili gani.

Halafu mwandikie, usimpigie. Meseji moja, bila ya machozi na bila ya kumtaja bibi harusi: "Zile 900,000 nilizokukopesha za mzigo wa Dar, utaanza kunilipa lini?" Akijibu "nipe muda" au "hali ngumu", amekubali deni kwa mkono wake. Hifadhi hilo jibu. Akinyamaza, usirudie mara kumi.

Boti ya kwenda Unguja usipande, nauli yenyewe ni hasara juu ya hasara. Mtafute mshenga. Yule yule mzee aliyekuja kwenu na posa ndiye arudi Konde kwa ami zake, kimya kimya, kabla ya harusi. Wazee hawapendi bwana harusi aondoke nyumbani na deni la mwanamke mwengine nyuma yake. Na mshenga anajua la kusema. Hata maiti, kabla hajaswaliwa, watu huulizwa nani anamdai.

Watakwambia umvumilie. Ni kweli, Suratul Baqara, aya ya 280, inataka mwenye dhiki apewe muda. Lakini mtu anayetoa mahari na kukodi ukumbi, mimi simuoni kwenye aya hiyo. Wewe wapeleke kwenye ya 282, inayotaka deni liandikwe na lishuhudiwe. Wakikubali alipe 150,000 kila mwezi kwa miezi sita, iandikwe karatasi, itiwe saini na mashahidi wa pande zote mbili, na nakala ibaki kwako.

Wazee wakishindwa, nenda kwa sheha ukiwa na ushahidi wako. Sheha naye akishindwa, ni mahakamani kwa kesi ya madai. Kwa kadhi utapoteza siku, kule ni ndoa, talaka na mirathi, na nyinyi hamkuoana. Polisi nao watakwambia deni si jinai. Kabla ya kufungua kesi, pita Chake kwenye ofisi ya Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar. Wanasaidia watu wasio na uwezo wa kumlipa wakili, nao watakwambia kesi yako inaanzia mahakama gani.

Kwenye kikundi usijifiche. Mkopo ule ni wako, hata kama pesa zilikwenda Darajani. Waambie kabla hawajakuita, omba ugawiwe marejesho madogo madogo, na wiki hii hii peleka chochote, hata elfu ishirini za cherehani.

Na vespa itoke kwa kaka yako kesho asubuhi. Hakukuwekea rehani, aliiacha tu. Ukiizuia, yeye ndiye atakayetangulia polisi, na wewe mdai utageuka mshitakiwa. Kaka yako aipeleke Konde na mtu mwengine wa kushuhudia, waipige picha na anayeipokea atie saini. Petroli wasitie zaidi ya ya kufikia.