Kabla ya pilingi, nioneshe vidole

Mteja akiingia saluni kwangu hapa Kadutu, mjini Bukavu, Kongo, akitaka pilingi, yaani kupakwa asidi usoni ili ngozi ya juu ibanduke, naanza na mikono, uso baadaye. Vifundo vya vidole vikiwa vyeusi na mgongo wa kiganja mweupe, najua anajichubua, hata akiapa: "Dada, mimi napaka mafuta ya mtoto tu." Basi namwambia aniletee tyubu zote anazopaka. Mara nyingi humo mna klobetasoli, dawa ya magonjwa ya ngozi inayouzwa sokoni kama krimu ya kung'arisha. Ikipakwa muda mrefu, ngozi inakuwa nyembamba, na asidi ikiwekwa hapo inazama kuliko ulivyopanga. Huyo simfanyii. Namtuma kwa daktari, maana hata kuiacha ghafla kunaweza kuuwasha uso vibaya.

Ngozi yetu nyeusi ukiiunguza inalipa kwa weusi. Doa moja linaweza kuwa kubwa kuliko lile alilokuja nalo. Ndiyo maana nabaki juujuu: asidi ya mandeliki, ambayo ni laini, au ya salisiliki ya asilimia 20 hadi 30 kwa wenye chunusi. Wajawazito na wenye mzio wa aspirini siwapaki salisiliki. Fenoli, asidi kali inayozama ndani, si kazi ya saluni, hata mteja aweke dola mezani.

Retinoli, yaani krimu ya vitamini A, iachwe wiki moja kabla ya pilingi. Jaribu nyuma ya sikio kwanza, kisha paka vaselini kwenye midomo, pembe za pua na za macho. Salisiliki ikikauka huacha unga mweupe usoni. Wanaoanza kazi hushtuka, kumbe ni chembe za asidi yenyewe, na zinafutika kwa maji. Asidi ya glikoliki ni nyingine kabisa: haikomi yenyewe, lazima uizime kwa maji ya bikaboneti, na jicho lisitoke kwenye saa. Wekundu kwetu hauonekani upesi, kwa hiyo kila mara namuuliza mteja: moto ni ngapi kati ya 1 na 10? Akinitajia 7, nazima.

Baada ya pilingi, magamba ya ngozi yasibanduliwe kwa mkono. Mawingu ya Bukavu nayo yanadanganya: tuko mita kama 1,500 juu ya bahari, na miale inapita hata siku ya baridi. Krimu ya jua yenye kiwango cha kinga (SPF) 30 au zaidi kila asubuhi, na mwavuli. Awamu ya pili ingoje wiki tatu au nne.

Bibi harusi anayekuja Jumatano kwa ndoa ya Jumamosi, na hajawahi kufanya pilingi, namsafisha uso tu. Pilingi aje baada ya sherehe.